Akupancha ukiwa mjamzito: ya kukagua kabla sindano haijagusa ngozi

Akupancha ni tiba ya jadi ya Kichina ya kuchoma sindano kwenye sehemu maalumu za mwili, zinazoitwa pointi. Sindano yake haina dawa wala tundu. Ni kijiti cha chuma kisichoshika kutu, chembamba cha milimita 0.16 hadi 0.30, kinachozama milimita chache mkononi au mguuni, na sentimita tatu hivi kwenye nyama ya makalio. Uhakiki wa tafiti uliotoka 2014 katika jarida la kitabibu la Acupuncture in Medicine ulihesabu, kwa kila vikao 10,000 vya wajawazito, matukio 131 ambayo yangeweza kuhusishwa na sindano. Yote yalikuwa mepesi au ya wastani, na lililoongoza ni maumivu ya pale pale ilipochomwa.

Kwa hiyo swali linaloulizwa sana, "je, sindano itaharibu mimba?", silo linalomkinga mtu. Madhara makubwa huingia kwa milango miwili mingine. Wa kwanza ni sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine, au iliyozamishwa pasipostahili. Wa pili, tena mpana zaidi, ni dalili ya hatari kupelekwa kwa mchoma sindano wakati ilipaswa kufika kliniki.

Tatizo lipate jina kwanza

Usiweke miadi kabla mkunga au daktari hajakuambia una nini. "Mgongo unauma" bado si jina la ugonjwa.

Mgongo wa chini au nyonga inayotulia ukilala na kuuma tena ukipanda ngazi, ukigeuka kitandani au ukisimama muda mrefu, mara nyingi ni viungo vya nyonga vinavyolegea na kubeba mzigo mpya. Hapo sindano ina nafasi yake. Mgongo huohuo ukiuma kwa mawimbi, unakaza na kuachia kila baada ya dakika kadhaa kabla ya wiki ya 37, unaweza kuwa uchungu uliokuja mapema. Ukiuma upande mmoja chini ya mbavu, ukawa na homa na mkojo unaochoma, fikiria maambukizi ya figo, ambayo yanataka antibiotiki siku hiyohiyo.

Kichwa ndicho kinachodanganya zaidi. Baada ya wiki ya 20, kichwa kikali kisichosikia parasetamoli, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au uso kuvimba ghafla ni sababu ya kupimwa presha, na mkojo kuangaliwa kama una protini. Sindano inaweza kweli kukupunguzia maumivu kwa saa chache, na ubaya uko hapo hapo: unarudi nyumbani umetulia, presha iko juu vilevile, na kifafa cha mimba hakisubiri miadi ijayo.

Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni cha kawaida. Kutapika hadi hakibaki kitu tumboni kwa saa 24, mkojo kuwa mchache na wa rangi ya chai, au kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, hiyo ni kesi ya dripu hospitalini. Viganja na nyayo kuwasha bila upele, hasa usiku, kunataka kipimo cha damu cha kuangalia ini. Na mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikiuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usikubali mguu huo ukandwe wala uchomwe kabla haujapigwa altrasaundi.

Sindano inasaidia nini

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma za wajawazito, uliotolewa 2016, unaitaja akupancha katika mambo mawili tu: kichefuchefu cha mwanzo wa mimba, pamoja na tangawizi, kamomili na vitamini B6, na maumivu ya mgongo wa chini na nyonga, ikiwa sambamba na fiziotherapia na mkanda wa kushikilia nyonga.

Kuhusu kichefuchefu, jaribio la Australia lililochapishwa 2002 likiwa na wanawake 593 lina funzo la kukumbuka kabla ya kufungua pochi. Waliopata akupancha kamili walianza kuona nafuu wiki ya kwanza, waliochomwa pointi moja ya kifundo cha mkono wiki ya pili, na waliochomwa sindano za kuigiza nao wakapata nafuu wiki ya tatu. Kutapika kwenyewe hakukutofautiana kati ya makundi. Ukienda, basi, nenda kutafuta siku zenye kichefuchefu kidogo, usitegemee kuacha kutapika.

Kwa nyonga ushahidi una nguvu zaidi. Nchini Sweden, 2005, wajawazito 386 waligawanywa makundi matatu, na waliochomwa sindano juu ya matibabu ya kawaida walipungukiwa na maumivu kuliko waliofanya mazoezi maalumu ya kuimarisha misuli ya nyonga.

Kuanzisha uchungu ni habari nyingine. Majaribio yaliyokusanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti unaohakiki ushahidi wa tiba, hayakuonyesha kwamba sindano hupunguza upasuaji wa kujifungua. Atakayekuambia mimba ina wiki 38 na anaweza "kuifungua" kesho, mshukuru na uondoke. Huzuni nzito ya wakati wa ujauzito nayo imefanyiwa utafiti kidogo wenye dalili njema, lakini usiache dawa ya akili uliyoandikiwa eti umeanza sindano.

Anza na kidole chako

Kwa kichefuchefu, pointi inayotumika zaidi huitwa Neiguan, na kwenye michoro imeandikwa PC6 au P6. Huhitaji mtu wa kukuchoma ili kuijaribu. Geuza kiganja juu. Weka vidole vitatu vya mkono wa pili, cha shahada, cha kati na cha pete, kukata mkono, cha pete kikilala juu ya mkunjo wa kifundo. Pembeni ya kidole cha shahada, katikati ya kano mbili zinazotokeza ukikunja ngumi, ndipo hapo. Bonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu ya kukupa uzito na maumivu ya chini chini, dakika mbili hadi tatu, kisha hamia mkono wa pili. Rudia mara kadhaa kwa siku, hasa kabla ya kuinuka kitandani. Ukiona kidole kinateleza juu ya kano, umetoka nje ya njia. Ukihisi shoti inayokimbilia vidoleni, umebana neva. Sogea kidogo na upunguze nguvu. Ipo pia mikanda ya kifundo yenye kishikizo cha plastiki kinachofanya kazi hiyohiyo, ingawa wengi huivaa juu ya mkunjo wenyewe, ambapo haibonyezi chochote cha maana.

Ipe siku nne au tano. Ikikusaidia vya kutosha, umemaliza bila sindano hata moja.

Anayepaswa kusubiri

Usichomwe ikiwa unatokwa na damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana, kondo la nyuma limeziba njia, maji ya uzazi yameanza kutoka, mlango wa kizazi umeshonwa ili kuzuia mimba kutoka mapema, presha iko juu na mkojo una protini, au una homa. Katika hali hizi daktari wa uzazi ndiye wa kuruhusu, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa kukisia.

Wengine wanaweza kuchomwa ila kwa taarifa. Aspirini ya kiwango kidogo haizuii. Itaongeza tu alama za damu kuvilia. Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ni jambo zito zaidi: mtaalamu ajue dozi na saa uliyochoma, aache pointi za kina, abane kila tundu kwa muda mrefu. Chembe sahani, zile zinazoigandisha damu, zikiwa zimeshuka, subiri vipimo. Mwenye ugonjwa wa vali za moyo asikubali zile sindano ndogo zinazobandikwa sikioni na kuachwa siku kadhaa, kwa sababu bakteria wakiingia hapo wana njia ya kufika moyoni. Kifafa, mapacha na historia ya kujifungua kabla ya wakati vyote visemwe mapema.

Na kama unahisi tu kwamba huenda una mimba, hujapima bado, sema pia. Uchaguzi wa pointi hubadilika tangu siku hiyo.

Kumpima mtaalamu kabla hajakupima wewe

Australia, tangu 2012, haimruhusu mtu kujiita mtaalamu wa akupancha bila usajili wa bodi ya kitaifa. Kuna nchi ambazo kibao mlangoni kinatosha. Ukiwa mahali ambapo sheria iko kimya, maswali yako ndiyo usajili.

Muulize ataepuka pointi zipi kwako, na kwa nini. Mjuzi atataja majina na wiki bila kutafuta maneno. Asiyejua atasema "mimi natumia zote, hakuna shida" au "mimba haihusiani". Muulize atafanya nini ukianza kutokwa na damu ukiwa kitandani. Jibu ni kutoa sindano zote na kukupeleka hospitali. Kuongeza pointi ya "kuzuia damu" si jibu. Muulize amefunzwa kuhusu wajawazito wapi na kwa muda gani, kwa kuwa kozi ya jumla mara nyingi huishia kwenye orodha ya kukatazwa tu. Mwisho, tazama kama yeye anakuuliza: una wiki ngapi, mimba ya ngapi, presha ya mwisho ilisoma ngapi, unatumia dawa gani, kondo limekaa wapi. Asiyeuliza hata moja kati ya hayo hatakuwa na cha kuzingatia akishika sindano.

Mwenye kuahidi kubadili jinsia ya mtoto, au kukushauri uache vidonge vya presha, sukari au madini ya chuma, hana haja ya swali la pili.

Pointi zinazoogopwa, na ile tunayoiogopa sisi

Mapokeo ya Kichina yanakataza pointi kadhaa hadi mimba ikomae. Hegu, LI4, iko nyuma ya kiganja kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Sanyinjiao, SP6, iko upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya fundo, nyuma ya mfupa wa ugoko. Kunlun, BL60, iko kati ya fundo la nje na kano ya kisigino; Zhiyin, BL67, kwenye pembe ya nje ya ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu. Kuna pia matundu ya mfupa wa chini ya kiuno, BL31 hadi BL34, na tumbo la chini lote. Mwongozo wa usalama wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unarudia tahadhari hii ya tumbo na kiuno, na kuongeza pointi za sikio zinazodhaniwa kuamsha uchungu.

Tafiti za baadaye hazikuthibitisha kwamba pointi hizo huharibu mimba, na wako wataalamu wazuri wanaozitumia kwa maumivu ya nyonga. Msimamo wetu ni wa vitendo: kabla ya wiki ya 37, pointi nyingine karibu kila mara zinatosha, kwa hiyo kuziacha hakukugharimu kitu. Ukumbuke pia kwamba kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, nyingi katika wiki 12 za mwanzo. Mimba ikitoka siku tatu baada ya kikao, kila mtu ataitazama sindano, na mwanamke atabeba lawama isiyo yake. Ikiwa unajua hilo litakutesa, ngoja miezi mitatu ya kwanza ipite.

Tumbo lichomwe lini? Tunasema lisichomwe. Kizazi hupanda kila wiki, na kina kilichokuwa salama mwezi uliopita hakina uhakika leo.

Pointi ya kuogopwa kwa sababu za mwili wenyewe ni Jianjing, GB21, katikati ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega. Imo kwenye orodha ya kale kwa sababu ya uchungu wa uzazi, lakini chini yake kuna ncha ya pafu. Sindano ikisimama wima na kuzama sana, hewa huvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua na pafu husinyaa. Mjamzito wa miezi ya mwisho, ambaye tayari kizazi kinasukuma mbavu na pumzi ni fupi, hana akiba ya kupoteza. Mabega yakikukaza, omba yakandwe kwa mkono.

Kitandani

Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kunywa maji, nenda haja ndogo. Njaa ndiyo inayowaangusha wengi katika kikao cha kwanza.

Baada ya wiki ya 20 usilazwe chali muda mrefu, kwa sababu kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo; utahisi kizunguzungu, jasho na moyo kwenda mbio kabla hata sindano haijakufanya lolote. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza, mto mmoja kati ya magoti, mwingine mdogo chini ya tumbo. Kulala kifudifudi hapana, hata kwenye kitanda chenye shimo la tumbo, maana shimo huliacha tumbo likining'inia na kuvuta kano za mgongo zilezile zinazouma.

Sasa tazama mikono yake. Aoshe kwa sabuni au ajipake spiriti mbele yako. Pakiti ya sindano ni karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili, imeandikwa kwamba imetakaswa, ni ya kutumika mara moja, na ina tarehe ya mwisho. Ipasuliwe ukiwa unaiona. Ndani kuna sindano na mrija mdogo wa plastiki. Mrija husimamishwa juu ya ngozi, kichwa cha sindano kinachotokeza juu kikagongwa kwa kidole, na ncha ikaingia kabla hujafikiri. Akiushika mwili wa sindano kwa vidole vitupu ili kuunyoosha, sindano hiyo si safi tena. Zilizolala tayari kwenye kisahani zikikusubiri, zikatae. Zinazochemshwa au kuwekwa kwenye spiriti ili zirudiwe ndiyo njia ya homa ya ini na VVU, hapo ondoka. Iliyotumika iingie moja kwa moja kwenye sefti boksi, si kwenye ndoo ya taka. Ngozi ikipakwa spiriti iachwe ikauke, la sivyo kila tundu litawaka moto.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi: sindano nne hadi nane, dakika 10 hadi 15. Vya baadaye vinaweza kufika dakika 20 hadi 30. Uzito, mkazo au joto linalosambaa ni la kawaida; maumivu makali au shoti si ya kawaida, na neno "toa" lisihitaji maelezo. Asizungushe sindano kwa nguvu kusaka hisia kali. Asikuache peke yako bila kengele ya kumwita.

Na hesabu. Mwombe ataje idadi akichoma, na aitaje tena akitoa. Sindano iliyosahauliwa nyuma ya goti au kwenye nywele ni kosa linalojulikana sana katika kazi hii, na hugunduliwa mtu akikaa kwenye gari.

Ukianza kuona giza, kutoka jasho la baridi au kichefuchefu cha ghafla, sindano zote zitolewe, ulale ubavu wa kushoto, hewa ipite. Ukishatulia, unywe kitu chenye sukari. Usisimame kwa dakika 15.

Vinavyoletwa pamoja na sindano

Umeme mdogo unaounganishwa kwenye sindano usipite tumboni wala kiunoni, na usitumike kabisa kwa mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Kuumika kwa vikombe kusifanywe tumboni wala mgongo wa chini, na kule kunakochanja ngozi kutoa damu hakuna faida kwa mtu ambaye damu yake tayari inahangaikiwa na vidonge vya chuma. Dawa za mitishamba za kupeleka nyumbani zikatae zote ambazo daktari wako hajaziona kwa jina. Mchanganyiko wa unga kwenye kikaratasi hauna namna ya kukaguliwa.

Moksa, fimbo ya majani makavu inayowashwa na kusogezwa karibu na ukucha wa kidole cha mwisho cha mguu, inatumika kwa mtoto aliyetanguliza matako. Uhakiki wa Cochrane wa 2023 unasema huenda inaongeza uwezekano wa mtoto kugeuka. Hufanywa kuanzia wiki ya 33 hadi ya 35, baada ya altrasaundi, kwa idhini ya kliniki, na si kwa mwenye mapacha, kondo lililoziba njia au anayetokwa damu. Hatari za karibu ni kuungua na moshi: ngozi isikie joto tu, dirisha liwe wazi, na mwenye pumu asijaribu. Mtoto akianza kusukumana sana, simamisha na umruhusu atulie. Mwishowe altrasaundi nyingine ndiyo itakayosema amegeuka, si hisia.

Baada ya kutoka

Tone la damu au alama ya bluu ni kawaida. Bana kwa pamba kavu dakika moja au mbili, usisugue. Usingizi mzito siku hiyo pia ni kawaida, kwa hiyo usiendeshe gari mara moja baada ya kikao cha kwanza. Wekundu unaopanuka, joto au usaha siku ya pili au ya tatu ni maambukizi.

Kwa mgongo na nyonga, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Baada ya vikao vinne hadi sita, jiulize kitu kinachopimika: unaweza kutembea dakika ngapi, unaamka mara ngapi usiku. Kama jibu ni lilelile, acha, na pesa hiyo iende kwa fiziotherapia. Tarehe za vikao na pointi zilizochomwa ziandikwe kwenye kadi ya kliniki, mkunga azione.

Damu ukeni, maji kuchuruzika, tumbo kukaza kwa mpangilio, mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake, au kichwa kile tulichokieleza: nenda hospitali, hata kama mtaalamu amekwambia mwili "unajirekebisha". Na ukichomwa begani, kifuani au mgongo wa juu, kisha ukapata maumivu ya kuchoma kifuani au pumzi ikakatika, iwe saa hiyo au kesho yake, usiseme tu kwamba unakosa hewa. Mjamzito anayekosa hewa hupewa majibu ya mjamzito. Sema "nimechomwa sindano begani, jana saa nne asubuhi", na uonyeshe mahali kwa kidole, ili pafu liwe la kwanza kusikilizwa.